Mwalimu Wetu wa Fizikia

Mwalimu wa fizikia wa kidato cha tano na cha sita, pale shuleni kwetu Kisarawe, alikuwa mmoja tu. Alikuwa mtu mzima, mwepesi wa kucheka. Kila Jumatatu alfajiri alitoka kwake Visiga, akakaa nyumba za walimu hadi Ijumaa. Sisi wasichana wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, tulimpenda kwa sababu hakuwahi kutuambia kwamba somo lile lilikuwa gumu kwa watoto wa kike.

Asubuhi ile alikuwa akitufundisha mwendo wa duara. Alianza kuandika kanuni ubaoni, mstari ukawa unashuka, ukashuka mpaka ukingoni. Akageuka kutuuliza swali, maneno yakatoka yamevurugika. Wengine tukacheka, tukidhani anatania. Kisha mdomo ukampinda upande.

"Mshikeni!" kiranja wetu akapiga kelele.

Tulimbeba hadi kwenye gari la mkuu wa shule. Hospitali wakasema ni kiharusi.

Tuliahidiwa mwalimu mwingine. Wakati tukingoja, mwalimu wa kemia akawa anapita jioni kutusaidia, lakini mwenyewe alikiri, "Wanangu, hapa hata mimi nabahatisha." Tukafungua vitabu wenyewe, tukabishana, tukakariri tusiyoyaelewa. Huyo mwalimu mwingine hakuja.

Likizo ilipofika, mimi na kiranja, ambaye kwao ni Janga, si mbali na Visiga, tulikwenda kumwona mwalimu nyumbani kwake. Tulimkuta kwenye godoro sebuleni, amekonda, upande wote wa kulia umepooza.

"Shikamoo, mwalimu."

Midomo ilicheza. Mkewe akasema, "Amewaitikia, wanangu. Sauti tu ndiyo haitoki."

Kiranja akamweleza kwamba tumefika kwenye mawimbi na tumekwama. Mwalimu akanyanyua mkono wa kushoto, akawa anachora kwa kidole juu ya shuka. Tukainama tuone. Hatukuelewa. Akarudia polepole, kama alivyozoea kurudia darasani, na bado hatukuelewa.

"Ndiyo, mwalimu," kiranja akasema kwa upole. "Tumeelewa."

Alijua anadanganywa. Alifumba macho, machozi yakamtiririka hadi masikioni, na mkewe akatuomba tumwache apumzike.

Alifariki mtihani wa taifa ukiwa umekaribia. Shule iliruhusu wanafunzi wachache tu kwenda kuzika, mimi sikuwamo. Siku ya karatasi ya fizikia nilisoma maswali yote mara mbili, nikajibu niliyoweza, muda uliobaki nikakaa nikitazama dirishani.

Matokeo yalipotoka, kiranja alinipigia simu.

"Umeona?"

"Nimeona. Nina F."

"Na mimi hivyohivyo."

Sote wawili tulitaka uhandisi. Hakuna aliyelitaja neno hilo. Nilimsikia mama yake akimwita, akaniambia wanakwenda kupalilia mihogo, akakata simu.