Kwa Baiskeli hadi Urambo, Reli Ilipogoma

Kaka yangu Shabani alinituma Urambo nikavunje uchumba. Binti yake, Zuhura, alikuwa amechumbiwa na Idi, kijana wa stesheni ya Urambo, yule anayesimama na bendera ya kijani kuruhusu treni iondoke. Wapishi wa harusi walikuwa wameshaambiwa, na mimi nilikuwa nimeshakata nguo ya bibi harusi, maana ni fundi cherehani. Ndipo reli ikagoma.

Ilikuwa miezi ya mwanzo ya uhuru, bendera mpya bado haijapauka kwa jua. Wakubwa walitangaza mpango mpya wa pensheni: miaka ya kazi ingeanza kuhesabiwa upya, na ile ya nyuma, ya wakati wa mkoloni, ingefungwa kwa kiinua mgongo kidogo na mkono wa asante. Wafanyakazi wakaweka zana chini, kuanzia pwani hadi Kigoma. Tabora nzima ikapoa. Mtu hajui jinsi honi ya treni inavyompangia siku mpaka siku isipolia. Wake zetu walichelewa kuinjika chungu, mwadhini akawa ndiye saa pekee iliyobaki.

Pale mtaani kwetu Kanyenye, kwenye baraza ya duka la kaka, watu waligawanyika hata kabla kahawa haijamiminwa. Hawa wanasema wazee wa reli wameonewa, wale wanasema serikali ni changa, inasumbuliwa bure. Kaka alikuwa upande wa wale, tena kwa sauti ya juu, kwa sababu chumvi yake na sukari yake vilikuwa ndani ya behewa lililosimama porini, hakuna aliyejua wapi.

"Mdogo wangu, nenda ukamwambie," alisema. "Arudi kazini, la sivyo binti yangu haolewi. Simpi mtoto mtu aliyenifungia duka."

"Si yeye peke yake aliyegoma, kaka."

"Mimi ninayemjua ni yeye."

Asubuhi ya kuondoka, nikiwa najaza upepo kwenye tairi, Zuhura alinifungia visheti kwenye leso, akaviweka juu ya keria. Hakulia. Alisema tu, "Baba mdogo, ukifika, msikilize kwanza."

Kutoka Tabora kwenda magharibi, njia ni ileile ya wapagazi wa zamani. Babu yetu aliipita mara nyingi na pembe za ndovu begani, akilala Usoke, akilala Urambo, mpaka Ujiji. Mimi niliipita na baiskeli, na naapa kwamba katika ule mchanga yeye alipata taabu ndogo kuliko yangu. Kila nilipopata mwendo, tairi lilizama, nami nikateremka kumsukuma mnyama wangu wa chuma chini ya miti ya miyombo. Reli ilikuwa mkono wa kushoto, inang'aa, haina kazi. Mbuzi wa mtu walikuwa wamelala juu yake kama wamepewa hati.

Mchana nilifika kwenye kizuizi cha mbung'o. Aliyeishi au kupita huko anakijua: unaingiza baiskeli kwenye kibanda chenye giza, askari wa kaki anakuzunguka na kijiwavu, anatafuta mbung'o uliowabeba ili usiwapeleke kwa ng'ombe wa watu. Nilishangaa kumkuta kazini.

"Ninyi hamkugoma?" nilimwuliza.

"Tugomee nini, bwana? Sisi wa mbung'o hatuna pensheni." Akanipiga kofi mgongoni, akanionyesha mdudu aliyekufa kiganjani. "Lakini nawaombea washinde. Wakishinda wao, huenda mwakani kuna atakayetukumbuka na sisi. Haya, toka na upande ule."

Jioni nilifika Usoke, miguu imekuwa ya mtu mwingine. Nilipiga hodi kwa mama Nyamizi, ambaye nimemshonea watoto wake sare tangu wa kwanza. Maisha yake yote ameyajenga kwenye madirisha ya treni: treni inasimama, yeye anapita na sinia la karanga za kuchemsha na kuku wa kukaanga, treni inaondoka. Nilipomtajia mgomo alianza kuongea kabla sijakaa.

"Hawa watu wa reli wamenimaliza! Kuku wangu wanazeeka wananitazama. Wanataka walipwe wakiwa wamekaa, na mimi je, nikizeeka nani atanilipa? Dirisha?"

Aliwasema mpaka ugali ukaiva. Kisha akapakua sahani kubwa, akaifunika, akaiweka kichwani.

"Unaipeleka wapi?" nikauliza.

"Stesheni. Wapo vijana watano pale hawajatia kitu mdomoni."

"Si ndio hao hao uliokuwa unawalaani?"

"Nimekasirika, ndiyo. Sasa walale na njaa kwa sababu mimi nimekasirika?" Akatoka.

Kesho yake aliniamkia kwa "Mwangaluka" na uji wa moto, nami nikaanza tena kukanyaga. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa machweo, zile mvua za mwisho ambazo hujui kama zinakuja au zinaaga.

Urambo niliingia alasiri. Harufu ya tumbaku ilinipokea kabla ya mtu yeyote. Ghala la stesheni lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na robota nyingine za tumbaku zilikuwa zimepangwa nje, kwenye jukwaa la abiria, juu yake turubai moja iliyochanika. Chini ya ukingo wa paa wagomaji walikuwa wakicheza bao. Idi aliinuka aliponiona, akanipokea baiskeli.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Na nyumbani?" Alimaanisha mtu mmoja tu, lakini aliuliza nyumba nzima.

Alinikalisha karibu na mzee Mrisho, nyapara wa genge la kutengeneza njia ya reli, mtu mnene mwenye masharubu, aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Alinyosha miguu kwa taabu, akaniambia, "Wanasema miaka yangu ya zamani ni ya serikali ya zamani. Haya, sawa. Na magoti haya je, ni ya serikali ipi?" Wenzake wakacheka, naye akacheka, lakini alipomaliza kucheka alibaki ameyashika magoti yake.

Kabla sijapata njia ya kutoa ujumbe wangu, lori lilisimama kwa vumbi. Walishuka wakulima, mbele yao bwana Lukasi, mlimaji wa tumbaku, fimbo mkononi. Ngurumo ilipiga nyuma yake.

"Mnaiona hiyo mvua?" alipiga kelele. "Ile pale ni jasho la nyumba yangu! Nyinyi mnalilia uzee, mimi nalilia mwaka huu!"

Wagomaji wakasimama. Mmoja akasema kwamba kugusa mzigo ni kazi, na wakifanya kazi hata kidogo mgomo umekwisha. Mwingine akamwambia Lukasi aende akawapigie kelele wakubwa. Fimbo ikainuka. Mimi nilirudi nyuma nikagota ukuta; nilikuja kuvunja uchumba, sikuja kuvunjwa kichwa.

Idi akapita katikati yao. Sauti yake ilitetemeka, nakumbuka vizuri, hakuwa shujaa wa kuchorwa. "Kupakia kwenye behewa ni kazi," alisema. "Kumtolea jirani kitu mvuani si kazi. Treni haitoki. Lakini tumbaku hii hailoi."

Walitazamana. Mzee Mrisho ndiye aliyesogea wa kwanza, anachechemea, akashika pembe ya robota. "Nani ananipokea huku?" Lukasi akatupa fimbo, akampokea.

Baada ya hapo hakuna aliyemjua mgomaji wala mkulima. Robota ziliingia chumba cha kungojea, zikaingia kwenye chumba cha tikiti, nyingine zikaenda kulala nyumbani kwa mzee Mrisho, kitandani kabisa. Zilizobaki zikafunikwa, nami nikatoa shazia yangu, sindano ya magunia, nikashona ile turubai nikiwa nimepiga magoti huku matone ya kwanza yananipiga shingoni. Mvua iliposhuka kweli, sote tulikuwa tumejibana chini ya paa, tumelowa, tunanuka tumbaku, tunagawana visheti vya Zuhura.

"Baba mdogo," Idi akaniambia polepole, "hukuja kutusalimia tu."

Nikamwambia yote, kama nilivyotumwa. Alisikiliza bila kunikata.

"Mwambie baba namheshimu," alisema mwishowe. "Lakini nikirudi kazini leo, nitarudi peke yangu, na mzee huyu atabaki hapa na magoti yake. Siwezi. Akiamua vingine, nitamwelewa." Akatazama mvua. "Sitafurahi, lakini nitamwelewa."

Kurudi kulikuwa rahisi. Bwana Lukasi alikuwa na safari ya Tabora, akaipandisha baiskeli yangu juu ya lori. Njia nzima aliwalaumu watu wa reli, mgomo wao, hata rangi ya stesheni yao. Tulipokaribia mjini akauliza, "Yule kijana wako ana mke?"

"Ana mchumba," nikajibu. "Mpaka nitakapofika nyumbani."

Kanyenye, sebuleni kwa kaka, nilieleza kila kitu bila kuongeza chumvi, maana hata dukani haikuwapo. Kaka alikunja uso. Alianza kusema habari za mtu asiyemsikiliza mkwewe, na hapo pazia la mlango wa ndani likasogea.

"Baba," Zuhura alisema, "yeye ameshindwa kumwacha mzee asiye hata ndugu yake. Mimi ataniacha?"

Kaka akanigeukia mimi, kana kwamba kosa ni langu. "Haya, tungoje. Lakini chai hii bila sukari tutainywa mpaka lini?"

Mgomo uliisha siku chache baadaye. Honi ilipolia, watoto walikimbilia stesheni, na watu wazima tukajifanya tunatembea. Wazee walikubaliwa miaka yao yote ya nyuma. Vijana walibaki na mpango mpya, vilevile ulivyotangazwa.

Niliondoka Tabora nikiwa najua pande mbili za jambo hili, zile za kwenye baraza. Njiani nilikuta kila mtu ana upande wake, anaulilia kwa haki, na bado anampelekea mwenzake sahani.

Siku ya harusi, baada ya dua, kaka alimwita Idi mbele ya wageni. "Sasa niambie, mkwe wangu. Duka langu lilifungwa, mji ukalala bila chumvi. Wewe ulipata nini?"

"Mimi?" Idi aliinamisha macho. "Mimi sikupata kitu, baba. Mzee Mrisho ndiye aliyepata."

Kaka alijisogeza kwenye mkeka, akapigapiga mahali palipobaki wazi ubavuni mwake.

"Njoo ukae hapa," alisema.