Msafiri wa Sinema Alirudi?

Jamani, leo uongo wangu wa zamani umenikamata uwanja wa ndege.

Mnaokumbuka banda langu la video pale Mbalizi mnajua nilivyokuwa natafsiri sinema kwa kipaza sauti. Kiingereza changu mnakijua pia, msicheke.

Binti yangu Tumpe alipenda ile ya msafiri anayezunguka dunia. Mwishoni msafiri anapanda meli, haonekani tena kwao. Niliogopa mtoto atalia, nikatafsiri: "Sasa anarudi kwa baba yake!"

Akaanza kupenda safari.

Leo ameondoka kuhamia Kanada. Kwenye mlango wa abiria akageuka.

"Baba, yule msafiri alirudi kweli?"

"Alirudi, mama. Nenda."

Mwenye mtoto aliyekwenda mbali akarudi, aandike hapa chini.

Hata ukinidanganya, sawa tu.