Vumbi la Jumanne

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kupanda mlima kila Jumanne kwenda kubadilisha karatasi. Kituo chetu cha kupima hewa kiko juu ya Mpwapwa, chumba kimoja cha bati chenye bomba lililotokeza juu ya paa. Pampu huvuta hewa mchana na usiku, hewa hupita kwenye karatasi nyeupe ya duara, na kilichomo hunasa hapo: moshi wa mashamba yanayochomwa, vumbi jekundu la kiangazi, masizi ya malori ya Kibaigwa. Pembeni kuna mashine ndogo inayochora mstari wa vumbi, saa kwa saa. Ukiyakusanya hayo mwaka baada ya mwaka bila kukatiza, unajua hewa yetu inaelekea wapi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini karatasi zile nilizishika kwa upole ambao mke wangu anasema hajawahi kuuona nyumbani.

Mlinzi wa kituo alikuwa mama mmoja wa Kigogo, mjane, aliyeishi na mbuzi wake hatua chache tu kutoka kwenye bomba. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaongeza "mbukwa", salamu ya kwao. Kila nilipofika nilikuta kiti kivulini na uwanja safi kama sahani iliyooshwa.

Shida ilikuwa ule mstari. Kila Jumanne, kwenye saa moja asubuhi, ulipanda ghafla kisha ukashuka. Jumatatu hapana, Jumatano hapana. Mkuu wangu wa Dodoma akauliza vumbi hilo linatoka wapi. Nikajibu bila kusita kwamba Jumanne ni siku ya mnada bondeni, ni vumbi la ng'ombe wanaoswagwa. Niliandika kwa lugha nzito na nikajipongeza. Jibu likarudi: mnada hatuwezi kuuhamisha, basi kituo kifungwe, mashine zipelekwe kwingine. Miaka sita ya karatasi ingekatika, na mama angebaki bila kazi, kwa maneno yangu mwenyewe.

Nikapanda Jumatatu jioni ili niwaone ng'ombe hao kwa macho. Mama akanipa ugali na mlenda, nikalala kwenye chumba cha mashine. Kulipokucha nikasikia ufagio. Nikachungulia dirishani. Mama ameinama, anafagia uwanja mzima kwa ufagio wa njiti, na vumbi linapanda taratibu kuelekea kwenye bomba. Nyuma yangu mstari nao ulikuwa unapanda. Ng'ombe hakuwepo hata mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikatoka nafoka. "Mama, unafagia nini asubuhi yote hii?"

"Leo si Jumanne?" akasema, akanyoosha mgongo. "Siku nyingine nafagia mlangoni pangu tu, inatosha. Leo unakuja wewe. Mgeni utampokeaje kwenye uchafu?"

Hasira ikaniishia palepale. Nikamweleza habari ya bomba, nikamwomba aache. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, nitaacha." Nikaandika Dodoma kwamba mnada haukuhusika, kwamba nilibuni jibu nikiwa nimekaa ofisini, na kosa ni langu. Kituo kikaachwa mahali pake.

Jumanne iliyofuata mstari ulikuwa umenyooka. Nilifurahi kwa dakika moja. Uwanja ulijaa majani makavu na mavi ya mbuzi, na kiti hakikuwepo. Nikapiga hodi kwa mama. Akaitikia kutoka ndani, mlango haukufunguka.

"Fanya tu kazi yako, mwanangu. Mimi naona haya kukutazama na uwanja ulivyo."

Maneno hayo yaliniuma. Miaka sita nimekanyaga uwanja ule safi bila kusema hata asante.

Nikazima pampu, nikafunga mdomo wa bomba kwa mfuko, nikauchukua ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani. Sikufika mbali. Mlango ukafunguka, mama akaja mbio na kuninyang'anya.

"Lete hapa! Mgeni hafagii."

Akaniletea kiti kivulini. Nikakaa, nikafungua daftari la kituo na kuandika: pampu imezimwa, uwanja unafagiliwa.