Mlango wa Choo Nilioubana Mwenyewe

Nesi alinifuata nyumbani mara tatu akiniomba nije kuzungumza nanyi. Mara mbili za kwanza nilimdanganya kwamba nina wageni. Sikuwa na wageni, nilikuwa na aibu. Mara ya tatu akaniambia, "Fundi, wodini kuna watu waliovunjika mgongo, na hakuna hata mmoja anayetaka kusikia habari za mkojo kutoka kwangu. Labda watazisikia kutoka kwako." Basi nimekuja. Nitasema kama ilivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke.

Mimi ni fundi mwashi. Nimezaliwa Endamarariek, nikaja Karatu mjini nikiwa kijana, nikajifunza kazi kwa kubeba zege. Nimejenga hapa miaka ishirini na zaidi: nyumba za kulala wageni, maduka, migahawa ya watu wanaopanda na kushuka Ngorongoro. Nilikuwa na majivuno, sikatai. Nikitembea na mtu barabarani lazima nimwonyeshe, ile yangu, na ile yangu. Mafundi wenzangu walikuwa wakinitania kwamba nikifa wanizike ndani ya ukuta.

Siku niliyoanguka nilikuwa napiga lipu juu ghorofani. Mti wa jukwaa ulikatika, nikaanguka kwa mgongo juu ya rundo la kokoto. Sikusikia maumivu makubwa, na hilo ndilo lililonitisha. Nilitazama miguu yangu nikaiona iko pale, kiatu kimoja kimechomoka, lakini ilikuwa kama miguu ya mtu mwingine. Hospitalini daktari alisimama upande wa miguuni akaniuliza, "Unasikia sindano?" Nikamwambia anza basi. Alikuwa ameshamaliza.

Nililala miezi mitano. Nilipata kidonda kwenye makalio ambacho mke wangu Paskalina alikiosha asubuhi na jioni bila kukunja uso. Nikafundishwa kukaa kwenye kiti mwendo, na kujihamisha kwa mikono kutoka kitini kwenda kitandani. Na nikafundishwa kujitoa mkojo. Ninyi mnajua, na asiyejua atajua: kibofu hakikuambii tena kwamba kimejaa. Kila baada ya saa nne unaosha mikono, unaingiza mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, unatoa, unaosha tena. Nesi alinisisitizia mambo mawili, nisiruke saa na ninywe maji mengi. Nyumbani nilimudu. Nilimwita fundi mmoja akapanua mlango wa choo changu, mimi nikiwa pembeni namkosoa kila tofali.

Shida ilianza binti yangu alipoleta mchumba. Binti anaitwa Restituta, sisi tunamwita Resti, ndiye mtoto wetu pekee. Mchumba ni Lemayan, mwalimu, kwao Wasso. Sisi ni Wairaqw, wao ni Wamaasai. Wazee wetu zamani waliibiana ng'ombe na kuuana, na wapo watu Karatu mpaka leo ambao hawajasahau. Mimi nilimpenda yule kijana. Siku ya kwanza aliyokuja kwangu alivuta kigoda akakaa chini, ili nisipate taabu ya kuinua shingo kumtazama. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Tukaunda kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga Resti. Vikao vilifanyika kila Jumapili kwenye mgahawa wa Bwana Shabani, kwa sababu ukumbi wake ndio tungefanyia sherehe. Kikao cha kwanza nilikwenda nimevaa suruali yangu ya kijivu, nimenyoa. Lemayan naye alikuja kusalimia kamati, akaniagizia soda. Mkwe akikununulia soda unaikataaje? Nikanywa. Watu wakabishana kuhusu rangi ya sare mpaka nikachoka kuwasikiliza, na saa nne zangu zikafika. Nikasukuma kiti kuelekea chooni. Kiti hakikupita mlangoni.

Hapa ndipo penye aibu yenyewe, nisikilizeni. Kile choo nilikijenga mimi. Ramani ilikuwa na choo kimoja kipana, mlango wa sentimita tisini, na alama ya kiti mwendo imechorwa juu yake. Bwana Shabani aliniuliza, "Fundi, hiki cha nini?" Nikamweleza kwamba magari ya watalii yakiingia saa saba mchana yanateremsha watu kwa mkupuo na wote wanataka choo, kwa hiyo afadhali tugawe, tupate viwili vyembamba. Yeye ndiye aliyesita. Akasema, "Na wenye viti?" Nikamjibu, "Wenye viti hawaji mgahawani." Nilisema hivyo huku natafuna chapati yake. Nikapandisha ukuta katikati, nikaweka milango ya sentimita sitini. Hata ule mteremko wa mlango mkubwa niliujenga mkali, ili uonekane tu upo, na siku hiyo ya kikao ilibidi wanaume wawili wanisukume.

Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya sitini yangu mwenyewe, magurudumu yamegota kwenye fremu. Ningeweza kumwomba mtu anibebe. Lakini mtu wa kamati anishikilie chooni huku najiingiza mpira? Nilirudi mezani, nikajiambia kikao kinaisha sasa hivi.

Hakikuisha. Baada ya muda nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Nikatazama chini, suruali ya kijivu imekuwa nyeusi mapajani na matone yanaanguka pale ninapoweka miguu. Mwili wangu ulikuwa umefanya jambo hilo mbele ya watu wote bila kuniambia. Basi nikafanya nilichofanya. Nikaigonga chupa ya soda iliyokuwa imebaki nusu kwa kiwiko, makusudi, ikanimwagikia mapajani.

Lemayan aliruka na kitambaa. Akapiga goti, akaanza kunifuta. Nikaona anakaribia kujua ile siyo soda, nikausukuma mkono wake. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Usiniguse wewe."

Kijana akarudi nyuma na kitambaa chake mkononi. Resti alikuwa amesimama karibu na jiko, alisikia kila neno.

Kufika Jumatatu sokoni habari ilikuwa moja, Fundi hataki mkwe Mmaasai. Dada yangu mkubwa alitoka Endamarariek kuja kunipongeza. Akaniambia, "Umefanya vizuri, mdogo wangu, mtu lazima aseme." Alikuja na kuku. Na mimi, Mungu anisamehe, sikukanusha. Nilipima nikaona bora waseme nina ukabila kuliko waseme nimejikojolea. Nikamla kuku.

Resti alinijia jioni. Akasema, "Baba, kama humtaki, niambie mimi. Usimdhalilishe mbele za watu." Nikamwambia sina neno naye. Akaniuliza, "Sasa kwa nini hukutaka akushike?" Nikageuza kiti nikatazama dirishani. Baba mzima, nimeshindwa kumjibu mtoto wangu swali moja.

Mke wangu akasema nisipokwenda vikaoni maneno yatazidi, kwa hiyo nikaendelea kwenda. Lakini nilikuwa na dawa yangu. Jumapili sikunywa kitu tangu naamka. Chai sikunywa, maji sikunywa. Mpira niliutumia asubuhi, halafu tena usiku nikirudi, zikiwa zimepita saa tisa au kumi. Na nikavaa pampasi ya watu wazima ndani ya suruali. Nilikaa kikaoni midomo imekauka, kichwa kinauma, sisemi na mtu. Watu waliniangalia wakasema, mnaona alivyonuna? Baadaye hata siku za katikati ya juma nikawa naogopa maji. Paskalina alikuwa akiweka jagi mezani, namwaga kwenye maua.

Mkojo ukawa kama chai ya rangi, kisha ukawa na ukungu na harufu ya kitu kilichooza. Sikumwambia mtu. Alhamisi moja nikaanza kutetemeka. Blanketi tatu, na bado meno yanagongana. Halafu joto, jasho la kulowesha godoro, nikatapika nyongo. Paskalina ananiambia nilikuwa naita watu walete mchanga na saruji, nikidhani niko saiti. Mimi sikumbuki.

Hospitalini walinitundikia dripu na kuniwekea mpira wa kukaa nao. Daktari, dada mdogo kwa umri lakini mkali, aliniambia, "Mzee, maambukizi yamepanda mpaka kwenye figo na yameingia kwenye damu. Ungechelewa siku mbili tusingekuwa tunazungumza." Kisha akauliza, "Kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

Nikamwambia mengi. Paskalina alikuwa pale. Akasema taratibu, "Baba Resti, maua yangu yameoza mizizi."

Daktari akavuta kiti akakaa. Akasema, "Unaogopa choo. Wengi wanaokuja hapa na figo wanaogopa choo. Niambie kipi." Nikavuta shuka usoni. Ndipo Resti, ambaye nilidhani hayupo, akasema kutoka nyuma ya pazia, "Baba, sema."

Nikasema yote. Soda, suruali, mlango, na kwamba mlango niliubana mimi na maneno niliyomwambia Bwana Shabani. Nilisema nimejifunika shuka usoni. Nilipomaliza nilitegemea Resti atanihurumia. Alikuwa na hasira, na nasema mbele yenu kwamba alikuwa na haki. "Nimelia mwezi mzima kwa sababu ya mlango wa choo?" akasema. "Lemayan ameniambia tuahirishe. Amesema hawezi kumchukua binti wa mtu ambaye hataki hata kuguswa na mkono wake. Mimi nilikuwa namrudishia pete, Baba. Jumamosi hii."

Nilidhani aibu ya kujikojolea ndiyo mwisho wa aibu. Hiyo ya pili ilinizidi nguvu, nikalia kwa sauti, na wagonjwa wa jirani wakageuka ukutani kunipa nafasi.

Nikaomba Lemayan aitwe. Alikuja amevaa shati la kazini, akasimama mbali na kitanda, na moyo uliniuma kuona anavyosimama mbali. Nikamwambia, "Mwanangu, ile haikuwa soda." Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba nilimwacha abebe jina baya ili mimi nisionekane nimelowa. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe. Aliuliza, "Mzee, umekunywa maji leo?" Nikasema kidogo. Akamimina glasi, akaniinua kichwa kwa mkono wake, nikanywa.

Siku kumi na mbili nilikuwa hapo, na Jumamosi ikapita pete ikiwa bado kidoleni mwa Resti. Homa ilishuka siku ya tano. Figo moja imepata kovu, daktari aliniambia, lakini zote mbili zinafanya kazi, na leo kipimo changu ni kizuri.

Nilipotoka, kabla hata ya kwenda nyumbani, nilimwambia mke wangu anipitishe kwa Bwana Shabani. Nikamwambia mbele ya wapishi wake kwamba nataka kuuvunja ule ukuta. Akanitazama. "Fundi," akasema, "si wewe uliyesema hawaji?" Hakusema kwa ubaya, alikuwa anakumbuka tu. Nikamjibu ndiyo, ni mimi. Kisha akasema, "Mama yangu hajafika hapa tangu miguu imkatae. Nilidhani anakataa kwa sababu ya uzee. Vunja." Mafundi niliowafundisha mwenyewe walivunja, wakatoa vyoo viwili wakarudisha kimoja, mlango tisini, unafunguka kwa nje, na vyuma vya kushika. Mteremko nao tukaurefusha. Nilisimamia, na safari hii sikumkosoa mtu.

Siku ya sendofu wazee wa Wasso walikuja, wamevaa shuka zao na wamenyamaza, maana habari za "Usiniguse" zilikuwa zimewafikia. Dada yangu alikaa meza ya mbele. Nikapewa kipaza sauti niseme kama baba wa binti. Nilikuwa nimeandika maneno mazuri. Nikayaacha. Nikasema, "Wakwe zangu, siku ile sikuwa namkataa kijana wenu. Nilikuwa nimejikojolea, nikaona haya." Dada yangu akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na kiti changu.

Baba yake Lemayan akainuka, mzee mrefu, anaegemea fimbo. Akaomba kipaza sauti. Akasema, "Fundi, jana nimepanda basi Wasso alfajiri. Sikunywa chai, sikunywa maji, mpaka tumeshuka Karatu. Unajua kwa nini?" Nikasema sijui. "Basi halisimami kila ninapotaka," akasema. "Na mimi siku hizi nataka kila mara." Wazee wenzake wakaanza kucheka wao kwanza, kumbe na wao walikuwa hawajanywa. Kisha akasema, "Kabla hatujala, nionyeshe hicho choo." Tukaenda wote wawili, yeye na fimbo, mimi na kiti. Aliniachia nitangulie.

Sasa ninyi. Ukialikwa mahali, uliza choo kikoje kabla hujauliza sherehe ni ya saa ngapi. Kikiwa kibaya, sema kwa mwenye mahali, mtazame usoni. Usikatae maji, maana figo hazijui kuona haya, zinakufa tu. Na ukiwa fundi kama mimi, nenda ukavunje. Mimi nina kuta nyingine tatu hapa mjini nilizozipandisha hivyo hivyo. Mwenye moja amenifukuza, nitarudi. Namshukuru Mungu, namshukuru Paskalina, na yule daktari, na kijana ambaye leo ananiita baba ingawa sikustahili.

Sitawadanganya kwamba aibu imeisha. Hata sasa ninavyosema masikio yananiwaka moto. Lakini tangu nianze kuongea nimekunywa glasi mbili, mmeniona, na saa zangu nne zimefika. Kwa hiyo nitauliza mbele yenu wote, na kila mmoja wenu ajizoeze kuuliza hivi hivi.

Nesi, samahani, choo kiko wapi?