Duara za chaki kwenye ukuta wa nyoka

Kabla hamjamtukana mzee wa watu, anzeni na mimi.

Wiki iliyopita nilikuja huku Kahama kupima nyumba ya udongo ya wacheza nyoka wa zamani, ili kuta zake zikarabatiwe. Kuta zote ndani zimechorwa nyoka na nyota, kazi ya babu yake Mzee Masanja, mwenye nyumba wa sasa.

Nilipiga kamera ya joto. Pale udongo wa juu ulipoachana na ukuta panatokea wekundu kwenye picha. Nikapazungushia chaki, nikaondoka kufuata gundi ya kupatibu.

Leo asubuhi nimerudi na gundi yangu.

Kila duara ni shimo. Wamefuata mstari vizuri kuliko nilivyouchora! Chatu mkubwa hana kichwa.

"Shikamoo baba. Nani kafanya hivi?"

"Marahaba. Mimi na wanangu." Hana hata wasiwasi. "Mwanangu, mtu atoke Dar na mashine ya gharama vile, eti anaangalia picha za nyoka? Huku mwamba ukizungushiwa chaki, ndani kuna dhahabu."

Na mimi sikumweleza chaki ni ya nini. Nilikuwa na haraka.

Akanishika mkono hadi kwenye shimo kubwa kuliko yote.

"Hebu piga tena mashine yako humu. Tuendelee au tuache?"