Tairi Kubwa za Shemeji

Nimefunga tairi mtaa wa Buyenzi tangu kichwa changu kikiwa na nywele, na zamani nilisema bila haya kwamba hakuna anayejua saizi za tairi kunishinda. Wakubwa wa Kiriri, mtaa wa matajiri kule mlimani, waliniletea magari yenye ringi pana za kung'aa na tairi zisizo na ubavu. Nikiwauliza, "Patron, hii ni ya barabara gani?" walicheka. Baada ya wiki mbili walirudi na ringi iliyopinda, imegonga shimo palepale katikati ya mji, Rohero, mbele ya wizara. Niliwahubiria wote: barabara mbovu inataka tairi nene, yenye ubavu mrefu wa kumeza kishindo.

Ilikuwa wakati wa vita. Barabara ya kupanda kwenda mikoani ilipitwa kwa msafara tu. Magari yalikusanyika asubuhi chini ya mlima, askari wakatangulia na wengine wakafunga nyuma, wote wakaondoka mbio. Gari likichelewa, hata askari wa nyuma walilipita. Aliyebaki alibaki peke yake, na wenye bunduki waliokuwa vichakani walimngoja huyohuyo.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa akipandisha chumvi mikoani kwa gari dogo kuukuu. Mara mbili tairi ilimpasukia shimoni katikati ya msafara. Mara ya pili alifunga tairi ya akiba peke yake, akafika juu saa nzima baada ya wenzake. Aliporudi mjini alikuja moja kwa moja kwangu, na dada yangu nyuma yake.

"Shemeji, weka mapine makubwa," aliniambia. "Mi nataka kupita mu mashimo bila kupunguza mwendo. Pale kwenye mashimo njo wanatungojea."

"Utapita," nikamjibu. "Wallahi, utapita kama mutu anapita mu salon ya nyumba yake."

Dada yangu akaniangalia. "Kaka, we una hakika?"

Niliudhika kidogo kuulizwa swali hilo mbele ya watu. Nilitoa zile ndogo, saizi kumi na tatu, nikazitundika ukutani. Nikafunga kumi na tano pamoja na ringi zake, tairi nene za gari la mizigo. Zilikwaruza bodi usukani ukikatwa, kwa hiyo nikachukua patasi nikapunguza bati. Kisha tukalijaribu gari kwenye vichochoro vya Buyenzi, mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mashimo yamejaa maji kama mabeseni. Lilipita yote. Shemeji alicheka, na sikuwa nimemwona akicheka kwa miezi.

Tulilijaribu likiwa tupu, kwenye tambarare. Ili kulijaribu mlimani ilibidi kupanda Kiriri, na huko vizuizi vya askari vilikuwa vingi, hatukutaka maswali. Tukaona inatosha.

Hata fundi wa wiki moja anajua kwamba tairi kubwa hulinyima gari nguvu ya kupanda. Injini ndogo ikizungusha gurudumu kubwa, inachoka. Nilijua. Niliwahi kuwagombeza wengine kwa kosa hilohilo. Lakini siku ile niliyafikiria mashimo tu, kwa sababu mashimo ndiyo tuliyoyaogopa. Mlima tulikuwa tumeuzoea.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva wa lori aliyekuwa nyuma yake. Kwenye mashimo yote shemeji alipita vizuri, hakupunguza. Penye kona kali za juu, gari na magunia yake ya chumvi likaanza kulegea. Gia ya pili, kisha ya kwanza, kisha moshi. Wenzake wakampita mmoja mmoja. Lori lilipompita, alikuwa ametoa mkono dirishani akiwaomba wamngojee. Askari nao wakampita. Baadaye risasi zilisikika kule chini.

"Tulikuta gari kesho yake," dereva alisema. "Mapine yote ine iko na upepo. Kazi yako ilikuwa nzuri, fundi."

Niliingia ndani nikakaa nyuma ya mapipa.

Dada yangu alipomaliza eda alikuja kuchukua zile tairi ndogo, amepata mtu wa kuzinunua. Alizitazama kwa muda zikiwa ukutani.

"Kaka, na hizi? Hizi zingepanda?"

Nilikuwa na jibu la kweli. Nilikuwa nalo tangu siku ya yule dereva.

"Apana," nikasema. "Zingepasuka mu shimo la kwanza."

"Basi ni Mungu tu."

"Ni Mungu," nikasema, nikamsaidia kuzipakia kwenye mkokoteni.

Mpaka leo naona aibu, na aibu hii haina pa kuiweka. Dada yangu bado ananiletea wateja, anawashika mkono hadi mlangoni kwangu. Anawaambia mjini hakuna anayejua saizi za tairi kumshinda kaka yake.