Kula Mbele Yako

Siku ile naikumbuka mpaka harufu ya pilau yake. Nilikuwa kijana, mpakia mizigo kwenye uwanja wa ndege karibu na Irving, nikaendesha gari bila kula mpaka Sharpstown, Houston, kwenye harusi ya jirani yetu wa zamani wa Mombasa. Mzee Athumani, babu yake Rukia, alikuwa ameomba tukae sinia moja, anitazame kabla ya kupokea posa yangu. Na mwanangu, nilimpenda Rukia kuliko ninavyoweza kukueleza.

Tuliketi wanne. Kwetu kila mtu hula upande wake wa sinia, hata mtoto analijua hilo. Lakini njaa ilikuwa inaniuma, na pande nono la nyama lilikuwa mbele ya mzee. Mkono ukavuka.

"Kijana, kula mbele yako," akasema kwa upole.

Wenzetu wakacheka. Damu ikanipanda. "Kwani wewe utaitafuna na meno gani, babu?"

Kicheko kikakatika. Mzee hakukunja hata uso. Aliichukua ile nyama akaiweka upande wangu.

"Nyama chukua. Rukia, hapana."

Kisha akaendelea na pilau yake, taratibu. Nililia njia nzima kurudi Irving, wala sioni haya kusema.

Najua utaniambia, "Dad, it was just meat." Ingekuwa nyama tu, ningeshaisahau. Mkono ulinishinda, halafu ulimi, yote kwa muda wa tonge mbili. Nikaapa havitanishinda tena. Tangu wiki ile, nikifungua chakula changu kazini, sikigusi mpaka wenzangu wote wameketi. Mtu akiniudhi, nameza mate mara tatu ndipo nijibu. Walinicheka sana. Sikuacha, na siachi leo na mvi zangu hizi.

Rukia aliolewa na mwingine. Nilikwenda, nikampa mkono mumewe, nikamtakia heri kwa moyo mweupe. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile, na ndilo ninalojivunia.

Basi jizoeze sasa, mwanangu, usingoje uzee. Kula ulichopewa kwa shukrani. Cha mwenzako kiombee baraka, kisha rudisha macho kwako. Kizuri kikikupita, kiache kiende.

Mola akupe mkono unaokusikiliza, ulimi unaokuogopa, na moyo unaojua kushiba.